Saada na Mkate wa Wishwa

Mwaka juzi nilihudhuria warsha ya uandishi wa filamu hapa Mombasa. Ilikuwa ya siku tatu, bure, na chakula cha mchana kipo, kwa hivyo hata mada ingekuwa ufugaji wa nyuki ningekwenda. Mwalimu wetu alichora duara kubwa ubaoni, akaligawa kama uso wa saa, vituo kumi na viwili. Juu kabisa akaandika "nyumbani". Kisha mwito. Shujaa anaukataa mwito kwanza, anakutana na mzee wa kumpa busara, anavuka kizingiti, anapambana, anakaribia kufa, halafu anarudi nyumbani na dawa ya kuwaponya watu wake. Kila hadithi duniani imo humu ndani, akasema. Akatutaka kila mmoja alete hadithi ya kwao aipachike kwenye duara.

Mimi nilileta Liyongo. Mtoto wa pwani ataleta nani mwengine?

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, muungwana yule, kisha akaniambia hadithi ni nzuri sana ila inakatikia njiani. Shujaa hafiki kituo cha kumi na mbili. Anafia kisimani na hana alicholeta. Akanishauri niibadilishe: Liyongo apone ile sindano, arudi Pate, amng'oe sultani, watu washangilie. Hapo sasa, akasema, utakuwa na filamu.

Niliondoka nimenuna. Nikajiambia hawa wazungu na maduara yao, Liyongo ni wetu, mwacheni. Hiyo ni hasira rahisi na wallahi haimfikishi mtu popote. Sasa nafikiri tofauti. Lile duara linaingia vizuri sana kwenye hadithi ya Liyongo, kituo kwa kituo. Ila anayelizunguka si Liyongo.

Kwanza duara lenyewe. Asili yake ni kitabu cha Mmarekani Joseph Campbell, kilichotoka mwaka 1949, ambamo alidai kwamba visasili vya dunia nzima vina shujaa mmoja tu mwenye nyuso elfu moja: anaondoka, anajaribiwa, anarudi na neema. George Lucas alikiri kwamba Campbell alimsaidia kuisuka Star Wars ya 1977. Kisha Christopher Vogler, aliyekuwa akisoma miswada kwa kampuni za filamu, akalifupisha jambo lote likawa vituo kumi na viwili, na kitabu chake cha mwaka 1992 ndicho kilichofika mpaka ubao wetu wa Mombasa. Si upuuzi. Jaribu kuchukua ngano yoyote uliyosimuliwa utotoni, ya kijana aliyetumwa kuleta manyoya ya ndege fulani au maji ya mbali, utaona inakaa mle kama mguu kwenye kiatu.

Sisi pia tuna duara letu, ingawa hatuliiti hivyo. Aliyesoma sekondari Kenya anakumbuka somo la fasihi simulizi: mighani, au visakale, na sifa za majagina. Tulikaririshwa. Jagina ana nguvu zisizo za kawaida. Jagina ana siri ya udhaifu wake. Jagina husalitiwa na mtu wa karibu. Jagina hufa kifo cha kusikitisha. Liyongo ndiye alikuwa mfano kila mara, unaandika jina lake, unapata alama zako nne, unakwenda swali la pili. Ukipenda unaongeza Akilesi na kisigino chake, au Samsoni na nywele zake. Katika majibu yote niliyoandika shuleni, jina la Saada sikuliandika hata mara moja. Mwalimu hakulitaja, na mtihani haukuliuliza.

Basi hebu tuirudie hadithi polepole.

Kuna matini mbili ninazozitegemea. Moja ni simulizi ya nathari iliyochapwa London mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi za Waswahili alichokikusanya Edward Steere kule Unguja. Ya pili ni utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Zinatofautiana hapa na pale lakini uti wa mgongo ni mmoja. Liyongo ni mtu wa miraba, shujaa wa upinde, malenga. Sultani wa Pate anamwogopa kwa sababu watu wanampenda. Wanapanga kumuua kwenye kikoa: kila mmoja kwa zamu yake apande mkoma kuangusha makoma, na zamu ya Liyongo ikifika, wamtungue kwa mishale akiwa juu. Yeye anatoa upinde, anayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. (Hapa kila mtoto hucheka. Mimi bado nacheka.) Mwishowe wanamkamata, wanamtia gerezani na minyororo juu.

Kuanzia hapo Liyongo hatembei. Hili ndilo nililokuwa silioni. Shujaa wetu amekaa, amefungwa. Kila kitu kinachosogea katika sehemu hii ya hadithi kinasogezwa na kijakazi wa mamake, Saada, anayepeleka chakula gerezani. Mama anapika vizuri, Saada anabeba, anafika mlangoni, walinzi wanakula kile kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Siku inayofuata tena. Liyongo anapojua kwamba siku zake zinahesabika, anampa Saada ujumbe uliofungwa ndani ya shairi ampelekee mama: afanye mikate mizuri, na mmoja aufanye wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa.

Saada anakwenda. Anafikisha. Mama anaoka. Saada anarudi. Walinzi wanachukua mikate ya unga mweupe, wanautazama ule wa wishwa, wanaucheka na kuupitisha. Kisha Liyongo anaomba apigiwe gungu kabla ya kufa, na watu wakiwa wamo kwenye ngoma, makofi na matari na nyimbo alizowafundisha mwenyewe, yeye anakata minyororo kwa tupa na hakuna anayesikia.

Sasa rudisha lile duara. Nyumbani: jikoni kwa mama. Mwito: shairi. Kizingiti: mlango wa gereza. Walinzi wa kizingiti wapo, tena wana njaa. Kitu cha thamani kinachovushwa kwa hila: tupa. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mtu akawa huru. Nani amevuka? Nani alikuwa na la kupoteza kama mkate ungevunjwa mlangoni? Liyongo tayari alikuwa mtu wa kuuawa. Saada alikuwa mzima.

Na tazama alichobeba. Kutoka gerezani alibeba shairi kichwani. Kuingia gerezani alibeba chuma ndani ya makapi. Vyote viwili vilipita kwa sababu moja, kwamba walinzi waliviona havina maana. Wishwa si chakula cha askari, na neno la kijakazi si habari. Hadithi imejua hilo. Imeujenga wokovu wote wa shujaa juu ya vitu viwili ambavyo wenye nguvu hawavitazami. Halafu, mkate ukishafika, Saada anaachwa. Liyongo anavunja mlango, walinzi wanakiona cha mtema kuni, shujaa anaingia mwituni na hadithi inamfuata yeye.

Katika vituo vya Vogler mtu kama Saada ana jina: msaidizi. Katika somo letu la majagina hana hata jina hilo. Maureen Murdock, aliyeandika kitabu chake mwaka 1990 kuhusu safari ya shujaa wa kike, anasimulia kwamba alimwuliza Campbell mwenyewe juu ya wanawake, na mzee akamjibu kwamba mwanamke hana haja ya kufanya safari hiyo. Yeye ndiye mahali ambapo wengine wanajaribu kufika. Nilipolisoma hili nilimkumbuka Saada mlangoni na kapu lake. Sidhani kama Campbell aliwahi kubeba chakula kupeleka gerezani.

Ila na mimi nisijidanganye. Nikimpandisha Saada tu kwenye duara na kuondoka, nitakuwa nimefanya kosa lile lile la mwalimu wa warsha. Kuna kituo kimoja ambacho Saada hawezi kukipita: kituo cha kukataa mwito. Shujaa wa Campbell anaweza kusema hapana. Akisema ndiyo, ile ndiyo yake ina uzito kwa sababu angeweza kukaa kwao. Saada ni mtumwa. Lugha yetu imelisema jambo hili wazi mpaka hatulisikii tena: mtumwa ni mtu anayetumwa. Haitwi, anatumwa. Na kitenzi hicho hicho kutuma ndicho kilichotupa mtume. Sijui lugha nyingine iliyowaweka hawa wawili karibu hivyo, yule wa juu kabisa na yule wa chini kabisa, wote wakiwa na kazi moja ya kubeba neno la mwengine na kulifikisha bila kulipunguza.

Kijumwa alitunga mwaka 1913. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maana yake ni kwamba waliousikia utenzi ule mara ya kwanza walikuwa na watu kama Saada ndani ya nyumba zao miaka sita tu nyuma, na wengine pale barazani walikuwa wao wenyewe ndio Saada. Walisikia nini ulipofika mkate? Sisi tunasikia akili ya Liyongo. Nadhani kulikuwa na waliosikia jengine.

Mwaka huo huo wa 1913, kwa njia, Mekatilili wa Menza alikuwa akiwaapisha Wagiriama wasiwape Waingereza vijana wala kodi, na akakamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka, akarudi pwani. Yule anatimiza duara lote mpaka kituo cha mwisho, hahitaji mtu kumrekebishia. Siku nyingine.

Jambo la pili linalonisumbua ni hiyo dawa. Mwalimu alisema Liyongo hana alicholeta, kana kwamba kuleta ni jambo jema siku zote. Lakini tunayo kazi nzima iliyoandikwa juu ya shujaa aliyeleta. Soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Kinjeketile anavutwa mtoni, anazama, watu wanadhani amekufa, na kesho yake anatoka majini nguo zake kavu, amekuja na dawa: maji yatakayowaunganisha watu na kuwakinga na risasi za Wajerumani. Tazama hapo. Nyumbani, mwito, kuzama, kufa, kufufuka, kurudi na dawa. Duara limefungwa vizuri na tamthilia ndiyo kwanza imeanza. Kilichobaki ni kumwona mtu akitazama kile alichokileta kikimzidi nguvu. Watu wanaliamini neno kuliko yeye alivyoliamini, wanakwenda vitani kabla hajawa tayari, na risasi hazigeuki maji. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akane, naye anakataa, ingawa anajua. Hussein hakuukataa muundo wa shujaa. Aliuendesha mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo duara halina mahali pa kuliandika: na dawa ikiwaua?

Mimi swali hilo silisomi kama mtu wa kitabuni. Nimezaliwa na kukulia Majengo. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa na kwa siku kadhaa jina la mtaa wetu likawa kwenye habari kila pahali. Nilikuwa bado shule ya msingi. Lakini kabla ya hapo na baada ya hapo kulikuwa na vijana waliokuwa wakiondoka kwenda Somalia, na kila mtu hapa anajua nyumba ambazo hazitaji jina fulani wakati wa kula. Sitasema kwamba hadithi peke yake ndiyo iliyowachukua. Kulikuwa na ukosefu wa kazi, kulikuwa na polisi, kulikuwa na pesa na ahadi. Lakini hadithi ilikuwepo, na umbo lake nalijua. Wewe si mtu wa kukaa barazani na mkaa mdomoni. Umeitwa. Ukisita, hiyo ni hofu tu, ivuke. Mamako akilia, huo ndio mtihani wako.

Hapo ndipo duara linaponitia baridi. Ndani yake kukataa mwito ni udhaifu wa muda, kituo cha kupita. Anayemshika shujaa mkono asiondoke ni kikwazo. Hakuna kituo cha mama. Hakuna hadithi ya yule aliyesema hapana, akabaki, akauza viazi karai Kingorani na sasa ana watoto wawili. Waandishi wa filamu watasema mtu huyo hana safari. Kweli hana. Yuko hai.

Na kuna sisi tuliokwenda tukarudi mikono mitupu. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Karo, na mambo mengine, na pia uvivu kidogo, niseme kweli. Niliporudi mtaani wazee wa barazani waliniuliza kwa upole kabisa, "Ushamaliza, mwanangu?" nami nikajibu, "Nimerudi, mzee." Walielewa. Lakini hata katika upole ule nililiona duara, maana waliponitazama, macho yalishuka kwenye mikono yangu. Unatoka, unarudi na kitu. Kama huna kitu basi hujarudi, umefika tu. Labda ndiyo maana ushauri wa kumpa Liyongo ushindi ulinichoma vile. Kama hata yeye haruhusiwi kuishia kisimani, wengine tutaishia wapi?

Kwa hivyo turudi kisimani tumalize.

Sultani anamtumia Liyongo mwanawe mwenyewe, kwa ahadi ya cheo. Mtoto anamwuliza babake nini kinaweza kumuua, na baba anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Watu hubishana kwa nini Liyongo alisema. Alikuwa mjinga? Alichoka? Mimi naona alijua anaulizwa na nani na kwa niaba ya nani, na akaona heri afe kuliko kumnyima mwanawe jibu. Hilo ni langu, matini hailazimishi. Mtoto anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anatembea mpaka karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anavuta upinde, na anakufa hivyo hivyo, mshale uko tayari. Mtoto, kwa taarifa yenu, hakukipata alichoahidiwa.

Waliokwenda kuteka maji wakamwona, wakakimbia. Siku ya pili vivyo hivyo. Mji mzima ukakaa bila maji kwa kumwogopa maiti. Ukiisoma hii ukiwa na mfereji ndani ya nyumba, utaona ni ajabu ya kishujaa, jamaa anatisha hata amekufa. Ukiisoma Majengo, ambako mifereji inaweza kukauka wiki nzima na mkokoteni wa mitungi ukapandisha bei mchana huo huo, unafikiria watoto, na wagonjwa, na nguo, na udhu. Ushujaa wa Liyongo pale mwisho umekaa juu ya maji ya watu. Malenga aliyependwa na mji ndiye aliyeuzibia mji kisima.

Na anayekwenda kuuzibua ni mama. Yule yule aliyeoka. Wanaume wenye silaha wamesimama mbali, yeye anakwenda mpaka alipo mwanawe, anamsemesha kwa mashairi, anambembeleza kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyekasirika. Mwishowe ule mwili unaanguka na ndipo wanapojua kwamba alikuwa ameshakufa. Wakamzika. Kaburi linalosemwa kuwa lake liko Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini.

Nyanya yangu ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, kabla sijakutana nayo shuleni. Hakuwa na habari za sifa za majagina. Sindano aliipita haraka, kama jambo la aibu lisilofaa mbele ya watoto, lakini kwenye mikate alikaa mno: unga gani, wishwa unavyochekechwa, jinsi tupa lisivyotakiwa kugusa ukingo usije ukapasuka motoni. Saada alimpa maneno mengi ambayo sijayaona katika kitabu chochote, akijibizana na walinzi pale mlangoni, akiwaambia kuleni, kuleni, chenu hiki. Alipofika kisimani sauti ilishuka. Mama alikwenda, akamsemesha. Kisha nyanya alisema tu, "Haya, maji yakapatikana," akainuka, akaenda mlangoni kutazama kama mkokoteni ushapita.